Hans Berger: Daktari aliyenasa umeme wa ubongo, kisha akaketi upande wa wabaya

NILIPOKUWA mtoto katika makazi ya wakimbizi kule Tanzania, mdogo wangu alikuwa na ugonjwa ambao majirani hawakupenda kuutaja kwa jina. Ulikuwa unaanzia mkononi. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kuchezacheza vyenyewe, kikafuata kiwiko, kisha bega, na mwishowe mwili mzima ukaanguka chini na kutikisika.

Siku moja alianguka jikoni. Mkono uleule ukaingia kwenye moto wa mafiga, na kovu lake analo mpaka leo.

Wapo waliosema ni mapepo, wapo waliosema amerogwa. Watoto wenzake walikatazwa kula naye sahani moja kwa kuogopa mate yake. Marehemu mama alizunguka kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha zizini.

Mwaka 1995 tulivuka daraja la Rusumo kurudi nyumbani, na ugonjwa ukavuka pamoja nasi. Ilipita miaka mingi kabla hatujapata fedha na ushauri wa kumpeleka kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa ubongo, kile ambacho madaktari hukiita kwa herufi tatu, EEG.

Nilikuwa nimekaa pembeni. Mtaalamu alimpaka mdogo wangu dawa nzito kichwani, akambandika nyaya nyingi nyembamba, akamwambia afumbe macho, ayafumbue, ahemee juu juu kwa nguvu, akunje ngumi. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ikaanza kupanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa.

Daktari alipoisoma alituonyesha mahali upande wa kushoto wa kichwa ambapo mistari ilikuwa imechongoka kama meno ya msumeno. Alitueleza kuwa sehemu hiyo ndiyo inayotawala mkono wa kulia, na ndiyo maana ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Hapakuwa na pepo wala mchawi, kulikuwa na kidonda kidogo ndani ya ubongo. Aliandikiwa vidonge, na tangu alipoanza kuvimeza bila kukosa, kuanguka kumekuwa jambo la nadra sana.

Nilirudi nyumbani na swali moja. Ni nani aliyewaza kwamba kichwa cha binadamu kina umeme, na kwamba umeme huo unaweza kuandikwa kwenye karatasi? Nilianza kutafuta vitabu na kuuliza wasomi. Nilichokipata kwanza kilinifurahisha, kisha kikaninyima usingizi. Leo ninawasimulia.

Mjukuu wa mshairi

Mtu huyo anaitwa Hans Berger. Alizaliwa Mei 21, 1873 katika kijiji cha Neuses karibu na mji wa Coburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa daktari. Babu yake mzaa mama alikuwa Friedrich Rückert, mshairi mwenye sifa kubwa nchini humo.

Ikumbukwe kwamba hiyo ndiyo Ujerumani iliyokuja kuzitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoing'oa. Wakati wazee wetu wanaziona bendera za Mjerumani, Berger alikuwa kijana wa shule kule kwao.

Hakutaka kuwa daktari kama baba yake. Alipofika chuo kikuu alichagua hesabu na elimu ya nyota. Lakini hakudumu huko. Alisimamisha masomo akaenda kutumikia mwaka mmoja jeshini, katika kikosi cha farasi na mizinga kilichokuwa Würzburg, mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Asubuhi moja wakiwa mazoezini farasi wake alishtuka, akasimama kwa miguu ya nyuma na kumtupa chini. Alianguka mbele ya gurudumu la mzinga uliokuwa ukikokotwa na farasi. Mzinga ulisimamishwa ikiwa imebaki kidogo sana umsage. Aliinuka mzima.

Jioni ya siku hiyohiyo alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake akimuuliza hali. Baba hakuwa na desturi ya kumpelekea simu. Ilikuja kujulikana kuwa dada yake, aliyekuwa nyumbani Coburg, aliingiwa ghafla na hofu kwamba kaka yake yuko hatarini, akamshikilia baba mpaka simu ikapelekwa.

Wengi wetu tungesema ni Mungu, tukaendelea na shughuli zetu. Berger hakuweza kuendelea na shughuli zake. Aliamini kwamba hofu yake chini ya ule mzinga ilitoka kichwani mwake na kusafiri mpaka kwa dada yake. Na kama ilisafiri, basi mawazo yana nguvu fulani ya kweli, kama joto au umeme ulivyo na nguvu. Na kama ni nguvu, basi inaweza kupimwa.

Akaacha nyota, akaingia kwenye udaktari. Lengo lake lilikuwa hilo moja tu, kuipima nguvu ya mawazo.

Miaka mingi ya kukosa

Mwaka 1897 aliajiriwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Jena, chini ya Profesa Otto Binswanger. Ukiondoa miaka ya vita, alibaki katika hospitali hiyo maisha yake yote ya kazi.

Alianza na damu. Alitafuta wagonjwa ambao sehemu ya mfupa wa fuvu ilikuwa imeondolewa, akapima jinsi damu inavyopanda na kushuka kwenye ubongo mtu anapofikiri au kushtuka. Hakupata alichotaka. Akahamia kwenye joto, akapima kama ubongo unaofanya kazi unapata moto. Napo hakupata.

Ulibaki umeme. Hapa hakuwa wa kwanza, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 1875 Mwingereza Richard Caton alikuwa ameshaonyesha kwamba ubongo wa sungura na nyani hutoa umeme mdogo. Lakini Caton aliufungua ubongo wa mnyama na kuugusa moja kwa moja. Hakuna aliyekuwa ameuona umeme huo kwa binadamu, sembuse kuupata kupitia mfupa na ngozi.

Kuanzia mwaka 1902 Berger alijaribu kwa mbwa. Vyombo vya wakati huo vilikuwa hafifu na majibu yalikuwa ya kukatisha tamaa. Alijaribu, akaacha, akarudi tena.

Mwaka 1911 alimuoa Ursula von Bülow, binti wa familia ya kikabaila, aliyekuwa akimsaidia katika kazi zake za maabara. Walijaliwa watoto, mmoja wao akiwa Klaus, ambaye tutamkuta tena baadaye. Vita ilipozuka mwaka 1914, Berger alipelekwa Ufaransa kuwatibu askari walioharibikiwa akili.

Aliporudi, Binswanger alistaafu na mwaka 1919 Berger akawa mkuu wa hospitali. Kwa nje alikuwa mtu mkavu, mwenye ratiba isiyobadilika, mkali kwa wasaidizi wake na mwenye maneno machache. Wengi waliofanya kazi chini yake hawakujua kwamba jioni, kazi za siku zikiisha, bosi wao hujifungia kwenye chumba kidogo cha maabara akitafuta umeme wa vichwa vya watu.

Julai 6, 1924

Siku hiyo kijana wa miaka 17 alikuwa akifanyiwa upasuaji wa ubongo na daktari Nikolai Guleke. Berger alitumia nafasi hiyo kuunganisha nyaya zake na chombo chenye uzi mwembamba sana, ambao hucheza umeme kidogo ukipita. Chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya kupimia moyo.

Uzi ukacheza. Ulicheza kidogo sana, lakini ukacheza. Berger alikuwa na umri wa miaka 51, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30 tangu ile ajali ya mzinga.

Mtu mwingine angekimbilia magazetini. Yeye alinyamaza kwa miaka mitano. Aliogopa kwamba anachokiona si ubongo. Labda ni mapigo ya moyo, labda ni misuli ya uso, labda ni mtikisiko wa mitambo. Akawa anaziondoa sababu hizo moja baada ya nyingine, kama mfanyabiashara anayekagua noti moja moja kwenye mwanga kabla ya kufunga hesabu.

Aliwapima wagonjwa wenye matundu ya fuvu, kisha watu wenye fuvu zima. Alijipima mwenyewe. Alimpima mwanawe Klaus mara nyingi mno, kijana ameketi kwenye chumba cha giza huku nyaya zikiwa kichwani na mwanga ukichora mistari juu ya karatasi ya picha. Mwanzoni alitumia sindano zilizochomwa chini ya ngozi ya kichwa. Baadaye akatumia vipande vya bati jembamba vilivyobandikwa tu.

Ili tuelewe ugumu wa kazi hiyo, tufikirie betri ya redio. Ile ndogo tunayonunua dukani ina volti moja na nusu. Umeme wa ubongo ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa ni sehemu makumi machache tu za milioni moja ya volti. Na Berger hakuwa fundi wa umeme. Hesabu na vyombo alijifundisha mwenyewe ukubwani.

Mwaka 1929 ndipo alipochapisha taarifa yake ya kwanza kuhusu umeme wa ubongo wa binadamu. Hadi mwaka 1938 alikuwa amechapisha taarifa 14, zote zikiwa na kichwa cha habari kilekile, zikitofautiana kwa namba tu.

Aliona wimbi kubwa la polepole, kama mara 10 kwa sekunde, ambalo huja mtu akifumba macho na kutulia. Aliliita alfa. Mtu akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kufanya kichwani, wimbi hilo linatoweka na kubaki mawimbi madogo ya haraka. Hayo aliyaita beta.

Hapo nilielewa kwa nini mtaalamu wa hospitali alimwambia mdogo wangu afumbe macho na kuyafumbua. Alikuwa anarudia jaribio la Berger.

Kutoaminiwa, kisha sifa

Wasomi wenzake Wajerumani walimpuuza. Haikuwaingia akilini kwamba mamilioni ya chembe za ubongo, kila moja na kazi yake, zinaweza kutoa wimbi moja lenye mpangilio. Aidha, ilimdhuru sifa yake ya kuamini kwamba mawazo husafiri hewani.

Wokovu wake ulitoka Uingereza. Mwaka 1934 Edgar Adrian wa Cambridge, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel, alirudia majaribio hayo pamoja na mwenzake Bryan Matthews. Walikuta Berger alisema kweli. Mwaka 1937 alialikwa Paris kwenye mkutano mkubwa wa wanasaikolojia, na huko akapokewa kama mtu mashuhuri.

Huko Marekani, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walionyesha mwaka 1935 alama ya wazi ya kifafa kwenye mistari ya EEG. Berger mwenyewe alikuwa ameshawapima wagonjwa wa kifafa Jena. Kuanzia hapo, ugonjwa uliohesabiwa kwa maelfu ya miaka kuwa wa mashetani ukawa unaonekana kwa macho, kwenye karatasi.

Kutoka wimbi hadi mkono

Ndugu msomaji, huenda umesikia redioni habari za watu waliopooza ambao huendesha mkono wa chuma kwa kuwaza tu. Si hadithi za sinema, na mzizi wake ni kazi hii ya Jena.

Mwaka 1949 Herbert Jasper na Wilder Penfield, waliokuwa wakifanya upasuaji wa ubongo mjini Montreal, Kanada, walieleza jambo la ajabu. Juu ya sehemu ya ubongo inayotawala mkono, kuna mawimbi ya beta yanayoendelea kama mlio wa injini isiyotembea. Mgonjwa akiambiwa asogeze mkono, mawimbi yanakatika. Watafiti waliofuata waliona kwamba hata mtu akiwaza tu kuusogeza, bila kuusogeza, mawimbi ya sehemu hiyo hupungua.

Basi, kama mashine inaweza kuliona wimbi likipungua, mashine inaweza kujua kwamba mtu huyu ametaka kusogeza mkono. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa California alitoa pendekezo rasmi la kuunganisha ubongo na kompyuta kwa kutumia mawimbi ya EEG.

Lakini wimbi la juu ya ngozi lina mipaka yake. Simama kilimani siku ya gulio, mbali na soko. Utasikia mvumo. Utajua soko limechangamka au limelala, na pengine utajua upande wa ng'ombe una kelele kuliko upande wa maharage. Lakini hutajua nani anauza kwa bei gani. Ukitaka bei lazima uingie ndani na kusimama karibu na wauzaji.

Ndivyo ilivyofanyika. Katika miaka ya 1980 Apostolos Georgopoulos na wenzake, wakifanya kazi na nyani kule Marekani, walisikiliza chembe moja moja za ubongo nyani anaponyoosha mkono. Waligundua kwamba kila chembe ina upande inaoupenda. Mkono ukielekea upande huo chembe hupiga kwa kasi, ukielekea kinyume hupoa.

Chembe moja haitoshi kukwambia mkono unakwenda wapi. Lakini fikiria makuli wanaosukuma lori lililokwama kwenye matope, kila mmoja na pembe yake na nguvu yake. Ukijumlisha misukumo yote utajua lori litaelekea wapi. Georgopoulos alijumlisha chembe hivyohivyo, na jibu likalingana na mwelekeo wa mkono.

Mwaka 2004 kijana mmoja wa Marekani aliyepooza baada ya kuchomwa kisu shingoni alipandikizwa kwenye ubongo kifaa kidogo chenye ncha 96, kipana kama milimita nne. Aliweza kusogeza alama kwenye kompyuta kwa kuwaza kusogeza mkono wake. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba mama mmoja, aliyepooza kwa kiharusi kwa karibu miaka 15, aliongoza mkono wa mashine kuchukua chupa ya kahawa, akaisogeza mdomoni, akanywa. Hakuna mtu aliyemshikia.

Si muujiza wa kila mahali. Vifaa vya kupandikiza kwa ajili ya mikono vimebaki kwa sehemu kubwa kwenye majaribio, ni ghali, vinahitaji upasuaji na watu wa kuvirekebisha mara kwa mara. Lakini njia imefunguka, na mtu wa kwanza kuonyesha kwamba ubongo wa binadamu hutoa umeme unaoweza kusomwa alikuwa Berger.

Upande wa pili

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa tamu. Kwa miaka mingi waandishi waliishia hapo kweli. Walieleza kwamba Berger alikuwa mtu mwema aliyeonewa na Wanazi, akalazimishwa kustaafu, akafa kwa huzuni.

Nilipoendelea kusoma, nikakuta watafiti, wakiwamo waliochapisha kazi yao mwaka 2014, wamefungua majalada ya zamani na kukuta mambo mengine.

Hitler alishika madaraka Januari 1933. Julai mwaka huohuo serikali yake ilitunga sheria ya kuwahasi watu waliosemekana kuwa na magonjwa ya kurithi, ikaanza kutumika Januari 1, 1934. Sheria ilitaja magonjwa kwa majina. Wenye ulemavu wa akili walikuwamo, viziwi walikuwamo, vipofu walikuwamo. Na kifafa kilikuwamo.

Majina ya wagonjwa yalipelekwa kwenye mahakama maalumu, ambazo ndani yake waliketi pia madaktari. Mahakama ikiamua, mgonjwa alipelekwa kukatwa uzazi hata akikataa. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo.

Hans Berger aliketi katika mahakama ya rufaa ya mambo hayo mjini Jena. Mtu aliyehukumiwa na mahakama ya chini, akalia na kuomba asikilizwe tena, alifika mbele ya watu kama yeye.

Hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi, lakini alikuwa mfadhili aliyeandikishwa wa kikosi cha SS, akikichangia fedha. Alistaafu mwaka 1938 akiwa na miaka 65, umri wa kawaida wa kustaafu. Nafasi yake ilichukuliwa na Berthold Kihn, daktari aliyekuja kushiriki katika mpango wa kuua wagonjwa wa akili. Na mwaka 1941, akiwa mstaafu ambaye hakuna aliyeweza kumlazimisha, Berger aliombwa arudi kuitumikia ile mahakama. Alikubali.

Hakuwahi kurudi. Alikuwa mgonjwa na mwenye huzuni nzito ya moyo, akalazwa hospitalini Jena, na Juni 1, 1941 akajitoa uhai kwa kujinyonga. Alikuwa na miaka 68. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechapisha kijitabu alimosimulia tena kisa cha farasi, mzinga na simu ya baba. Mpaka mwisho alikuwa akiitafuta ile nguvu iliyomfikia dada yake. Hakuipata.

Nimuweke wapi?

Nimejiuliza kwa muda mrefu nimuweke wapi mtu huyu.

Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kufundishwa kwamba shahada haimzuii mtu kushika orodha ya majina ya wenzake. Wengi mnaosoma ukurasa huu mmekulia ugenini kwa sababu kuna mtu aliyesoma aliketi mezani akaamua nani ni mtu na nani si mtu. Mahakama, muhuri na sahihi vinaweza kuua kama panga linavyoua.

Kinachoniuma zaidi kwa Berger ni kwamba yeye alikuwa na kipimo mkononi. Angalau yeye alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kifafa ni umeme wa ubongo uliopotea njia. Umeme huo unaweza kupotea kwa sababu nyingi. Mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa anaweza kuupata, na mtu mzima aliyeumia kichwa pia, na hata mtu ambaye mabuu ya minyoo ya nguruwe yameingia kwenye ubongo wake. Aliyajua zaidi ya wenzake, na bado aliketi kwenye kiti kile.

Hata hivyo siwezi kukataa kipimo. Mdogo wangu aliponea hapo. Maji ya mto hayanuki jina la aliyechimba njia, na mgonjwa haulizi kisima kilichimbwa na nani. Lakini aliye mzima anaweza kuuliza, na anapaswa kuuliza, ili siku akipewa kiti cha namna ile ajue kwamba wasomi wakubwa walishakalia viti hivyo na wakaharibikiwa.

Kuna jambo moja dogo linalorudi kichwani mwangu. Yule dada wa Coburg aliingiwa hofu kwa ajili ya ndugu yake, akamsumbua baba mpaka simu ikapelekwa. Alimhangaikia mtu aliye mbali ambaye hakuweza kumuona. Berger alitumia maisha yake yote akitafuta umeme wa jambo hilo. Kwenye ile mahakama waliletwa mbele yake watu wa karibu, wenye sura na majina, na wenye dada zao pia.

Kwa wasomaji wangu wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani, nina maneno machache. Kifafa hakiambukizi. Mate hayana kosa. Mtu akianguka, ondoa moto na vitu vya ncha karibu yake, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Vidonge vipo, na wagonjwa wengi wakivimeza kila siku bila kuruka huacha kuanguka. Anayevuka mpaka kwa biashara abebe vya kutosha siku zote za safari, maana kukatiza dawa ghafla ni hatari.

Mdogo wangu leo anauza maharage na unga wa muhogo upande wa Rusumo. Mkono wenye kovu ndio anaopimia mizani. Kwa sheria ile ya mwaka 1933, jalada lake lingefika mezani.

Ameoa, na ana watoto watatu. Wa mwisho amempa jina la mama yetu.